Sabuni inaisha mkononi, mtoto anasubiri mdomo wa mama

Mwezi uliopita nilikuwa Igoma kwa mama mmoja, mwanae ana miaka sita na ana usonji, na nilichoenda kuangalia ni kunawa mikono tu. Mama akasema "nawa baba", mtoto akaenda kwenye ndoo yenye koki, "fungua maji" akafungua, "chukua sabuni" akachukua. Hapo mtu akabisha hodi, mama akageuka. Mtoto akabaki na sabuni mkononi, maji yanatiririka juu yake, inazidi kuyeyuka, na macho yake yako kwenye mdomo wa mama. Kusugua anajua. Anasubiri aambiwe "sugua".

Mama akaniambia kwa uchungu, "Mwalimu, mwaka mzima namfundisha, bado hajui." Nikamwambia anajua mama, ila kajifunza kumsikiliza wewe, hajajifunza kunawa.

Nieleze vizuri maana hapa ndo wazazi wengi tunapotea. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi uangalie wale korongo wenye vipara. Akitoka mtu na ndoo ya utumbo wa sangara wanamfuata unyo unyo, akipita wa barafu hata hawageuki. Ile ndoo haiwalazimishi, inawaambia tu kwamba sasa hivi ukisogea unapata. Hiyo ndo ishara. Skinner, mwanasaikolojia wa kule Marekani, aliwafanyia njiwa kitu cha namna hiyo maabara, taa ikiwaka ukidonoa unapata nafaka, ikizimwa hupati kitu, na baada ya muda njiwa akawa anadonoa taa ikiwaka tu.

Kwenye kunawa, ishara ni mikono yenye matope, sahani ya ugali mezani, sabuni mkononi. Maneno ya mama ni kidokezo, yaani msaada tunaoongeza sisi ili mtoto aanze, na msaada huo ni wa kuazima, lazima urudishwe. Usiporudishwa, na sifa za "safi sana baba" zikawa zinakuja kila akitii neno, basi neno linageuka kuwa ndo ishara yenyewe na matope hayana maana yoyote kwake.

Mwaka 1963 Herbert Terrace, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, alikuwa na njiwa wanaotofautisha nyekundu na kijani, akataka watofautishe mstari wa wima na wa mlalo. Akaiweka mistari juu ya rangi zile zile, halafu akazififisha rangi taratibu mpaka zikaisha, na njiwa wakahamia kwenye mistari karibu bila kukosea. Wale walioondolewa rangi ghafla walikosea. Mimi hilo la taratibu nalishikilia sana, kwa sababu nimeona wazazi wakichoka wanaacha kusaidia siku moja tu kwa mkupuo, mtoto analia, wanarudi kuongea mara mbili zaidi.

Kwa hiyo tulianza na kufunga mdomo, maana neno ni gumu kulipunguza, huwezi kusema nusu ya "sugua". Mama akasimama nyuma ya mtoto ili uso usionekane, akamwongoza kwa kushika kifundo cha mkono, siku zilizofuata kiwiko, halafu bega kidogo tu. Baadaye anahesabu kimoyomoyo sekunde mbili kabla ya kugusa, kisha nne, na mtoto akianza mwenyewe kabla ya kuguswa sifa zinakuwa kubwa kuliko siku zote.

Na vidokezo vingine tunatoa bila kujua. Kule Berlin mwanasaikolojia Oskar Pfungst, kwenye kitabu chake cha mwaka 1907, alieleza kwamba farasi Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato, alikuwa anasoma miili ya watu, anaacha kugonga mtu akiinua kichwa kidogo tu. Mimi nilifundisha mtoto picha za sato na sangara akawa anapata zote, akakaa mwenzangu kwenye kiti changu, akakosa karibu zote. Kumbe nilikuwa naangalia picha sahihi kabla yake! Iliniuma, zilikuwa wiki tatu za mtoto wa watu. Siku hizi naangalia meza.

Juzi mama wa Igoma kanitumia video. Mtoto yuko kwenye ndoo, sabuni mkononi, kimya, mama yuko nyuma hagusi, nikahesabu sekunde kama tano hivi, mikono ikaanza kusuguana. Nimeirudia sana hiyo video. Alipomaliza maji yakaendelea kutoka, akageuka kumtafuta mama. Jumamosi tunaanzia hapo kwenye koki.