Soketi kuingia si kompyuta kuelewana

Jamani, wiki hii tena kaja mteja na kompyuta ya injini kanunua kwenye spea za Japani, aniambia "fundi wewe chomeka tu, soketi ni ile ile." Kwani soketi ndio inaongea? Soketi yakuhakikishia waya zimefika, basi, kinachopita ndani ya zile waya ni habari nyingine.

CAN bus, zile waya mbili ambazo kompyuta za gari zinatumiana meseji, ukipima omu 60 waya ni nzima, sawa. Lakini meseji yenyewe, kwa CAN ya kawaida, ni namba ya kitambulisho na baiti (kila moja namba ya 0 hadi 255) zisizozidi 8, hamna palipoandikwa hili ni joto, hii ni spidi, anayepokea ndiye lazima ajue. Kila gari kwa ndani ina mpangilio wake, kwa mfano nachukua wa OBD, ule wa mashine ya kupima gari, kwa sababu uko wazi. Joto la maji ni namba uliyoisoma utoe 40, kwa hiyo 130 ni digrii 90, injini salama kabisa. Dashibodi isiyojua kutoa hiyo 40 yaonyesha 130, mwenye gari azima injini juu ya daraja la Nyali na kesho kuna fundi ashafungua silinda hedi bure!

RPM, mizunguko ya injini kwa dakika, ndio balaa. Gari imesimama, injini iko 800, inatumwa mara nne yake yaani 3200, kwa baiti mbili, 12 halafu 128 (ya kwanza mara 256, jumlisha ya pili). Kompyuta inayosoma kinyume inaanza na 128, inapata 32780, igawe kwa nne ni 8195. Giaboksi yaamini injini inataka kupasuka na hakuna hata waya mmoja uliokatika, na ukileta kompyuta nyingine ya aina ile ile utapata yale yale.

Dawa ipo, kisanduku cha katikati kinachopokea meseji huku, kinazipanga upya, kinazituma kule. Ila kiwahi, meseji inayongojwa kila milisekunde 10 ukiichelewesha mno inahesabiwa imepotea.

Panaponisumbua ni pale kompyuta inapodai meseji ambayo gari hii haina kabisa. Wengine wanatuma namba ya kubuni ili taa ya onyo izime. Kwa AC nakubali. Kwa ABS, inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, sifanyi hata unipe nini, breki itaamua kwa namba ya uongo na mvua ya Mei imejaa barabarani. Giaboksi ndio bado sijaamua, nikifikiria hivi naona sawa, nikifikiria vile naogopa, kwa sasa namwambia mteja atafute kompyuta yenye namba ya spea kwenye stika sawa na ile ya zamani, hata ikimchukua mwezi.