Babu alivuta, baba alivuta: jeni ya sigara ipo ila si vile mnavyodhani

Ukikaa baraza za Mkunguni hapa Lamu jioni na watu wakishajua kazi yako ni mambo ya jenetiki basi umekwisha, swali ni lile lile, babu alivuta, baba alivuta, mimi nikishindwa kuacha si ni damu hiyo? Mi hujibu ndio, kidogo.

Kuna jeni inaitwa CHRNA5, iko kromosomu ya 15. Inatengeneza kipande cha kipokezi cha seli za ubongo, kazi yake kupokea asetilikolini ambayo ni kemikali ya mwili wenyewe, sasa nikotini nayo inaingia hapo hapo bila kupiga hodi. Wengi hudhani nikotini ni raha tu, sivyo, dozi ikizidi kuna sehemu ndogo ubongoni inaitwa habenula inakuletea kinyaa, ndo ile unaitupa sigara haijafika nusu. Wenye aina fulani ya hii jeni asidi amino moja tu (kama tofali moja la kujengea protini ya kipokezi) imebadilika, ile ya 398, na kipokezi kinaitikia kivivu kwa hivyo kinyaa kinachelewa. 2011 watafiti walionyesha kwa panya, walioondolewa jeni yenyewe waliendelea kujipa nikotini kwa dozi ambazo wenzao walishazikataa, waliporudishiwa pale habenula tu wakatulia.

Ugonjwa unaingiaje? 2008 tafiti tatu, moja ya Iceland, ziliangukia kipande hicho hicho cha kromosomu, mbili zikitafuta saratani ya mapafu, ile ya Iceland ikianzia kwenye uvutaji wenyewe. Kila nakala ya aina hiyo ya jeni inamuongezea mvutaji kama sigara moja kwa siku, na hatari ya saratani kama asilimia 30. Asiyevuta kabisa karibu haimgusi, manake kinachoua ni moshi.

Halafu hii wazee hawaipendi: aina hiyo imejaa kwa Wazungu, zaidi ya thuluthi ya nakala zao, kwa Waafrika ni nadra. Sisi huku tumechanganyika na Waarabu na Wahindi kwa hivyo wenye nayo hawakosi, ila kumbebesha babu mzigo wote jamani ni kumuonea. Juzi kijana kaniuliza atume mate Marekani apimwe DNA, nikamwambia ukikutwa huna utaendelea kuvuta? Pesa hiyo anunue plasta za nikotini, zile za kubandika kwenye ngozi zimsaidie kuacha, manake awe nayo asiwe nayo, akiacha, baada ya miaka 10 hadi 15 hatari ya saratani ya mapafu inashuka kama nusu.