Taarifa za misheni fupi mtandaoni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Makanisa mengi ya Kenya na Tanzania hutuma washirika kwenye misheni ya wiki moja au mbili, tuseme kutoka Nairobi kwenda Turkana au kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, na waliochanga kwa M-Pesa, pamoja na walioahidi kufunga na kuomba, hutarajia habari kabla kikundi hakijarudi. Simu imerahisisha kazi hiyo, ila baadhi ya mambo yanayoaminiwa kuihusu si kweli.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba ujumbe ukishatumwa kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list, inayompelekea kila mtu ujumbe uleule peke yake), kila mchangiaji ameupata. Ukweli ni kwamba orodha hiyo haipokei zaidi ya watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Mzee wa kanisa aliyetoa mchango baada ya kusikia tangazo la Jumapili, lakini hana namba ya katibu wa safari, hatapata chochote, na katibu hatajua mpaka afungue maelezo ya ujumbe na kukuta jina la mzee halimo miongoni mwa waliofikiwa. Kundi la kawaida hubeba hadi watu 1,024, lakini kila mmoja huziona namba za wenzake, na ombi la asubuhi hufunikwa na “Amina” nyingi kabla ya saa sita mchana. Chaneli, yaani kurasa za matangazo ndani ya WhatsApp zilizoanza mwaka 2023, huficha namba za wafuasi wasionane, na kwa taarifa za jumla naziona kuwa chaguo bora.

Wengine husema kwamba WhatsApp ni salama kwa kuwa ujumbe wake umesimbwa, yaani umefichwa kwa msimbo asioweza kuusoma mtu wa kati. Ni kweli kwamba tangu 2016 mazungumzo husimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji (chaneli hazimo katika ulinzi huo), lakini usimbaji haumzuii mpokeaji kupiga picha ya skrini na kuisambaza. Kwa hiyo jina la mtu aliyeokoka katika ukoo usiopendezwa na uamuzi wake halipaswi kuandikwa popote, hata kwa nia ya kumwombea. Sheria ya Kenya yenyewe huihesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kuhusu picha za watoto, kosa ni kubwa zaidi. Inadhaniwa kwamba ruhusa ya mchungaji mwenyeji au mwalimu mkuu inatosha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Tazama picha ya binti aliyevaa sweta lenye nembo ya shule kifuani, na chini yake maelezo yanayotaja jina lake na kijiji: mtu asiyemjua kabisa ameshaelekezwa mahali pa kumpata. Picha ya mikono ikipanda miche, au ya darasa iliyopigwa kutoka nyuma, ingeeleza kazi ileile.

Ipo pia dhana kwamba wenyeji hawatasoma yanayoandikwa juu yao. Labda ilikuwa hivyo zama za barua za karatasi. Leo mpwa wa mwenyeji anayefanya kazi mjini yumo kundini, na kabla ya magharibi sentensi ya kuwahurumia “watu hawa wasio na kitu” imesharudi kijijini na kusomwa na mama aliyewapikia wageni ugali.

Mwisho, si kweli kwamba kikundi kikirudi taarifa zimekwisha. Stetasi hufutika baada ya saa 24, na mchangiaji ana haki ya kujua fedha zilinunua nini. Hesabu za mapato na matumizi zitumwe kwa barua pepe, anwani zote zikiwa kwenye sehemu ya nakala fiche (Bcc) ili wapokeaji wasizione za wenzao, ndani ya wiki chache baada ya kurejea, stakabadhi zikiwa bado mkononi mwa mhazini.