Doa jeupe mdomoni: vinasaba vinasema nini?

Baba yangu anaishi Moshi. Ana doa jeupe ndani ya mdomo, pale anapoweka ugoro. Haliumi. Kipimo cha vinasaba cha kujua kama litageuka saratani tukipate wapi?

Kwanza hongera kwa kumchungulia mzee mdomoni. Wengi hatufanyi hivyo. Sasa nawa mikono, zungushia kidole shashi safi, ulifute taratibu. Likitoka, huenda ni utando wa fangasi, nao una dawa yake. Lisipotoka, na limepitisha wiki 2, mpeleke kwa daktari wa kinywa, hospitali ya KCMC hapo Moshi kwa mfano. Kutouma ndiko kunakowaponza watu. Likiwa jekundu, usisubiri hata hizo wiki: mara nyingi jekundu ni baya zaidi.

Daktari atapiga ganzi, akate kinyama kidogo kama punje ya mchele, kikaangaliwe kwa hadubini. Hicho ndicho kipimo cha lazima. Cha vinasaba bado kiko zaidi kwenye utafiti na vituo vichache duniani, kwa hiyo msikae nyumbani mkikingojea.

Kinaongeza nini basi?

Hadubini huona umbo la seli. Madoa mawili yanaweza kufanana kabisa, kumbe seli za moja zimeshapoteza vipande vya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, na vipande hivyo ndivyo vyenye vinasaba vya kuzuia saratani. Watafiti wa Kanada walifuatilia madoa yenye mabadiliko ya awali, wakiangalia kromosomu ya 9, ya 17 na ya 4. Mwaka 2012 walieleza kuwa kipande cha kromosomu ya 9 kilipokuwa kizima, takriban watu 3 kati ya 100 walipata saratani ndani ya miaka 5. Kwenye kundi la hatari kubwa, lililopoteza cha 9 pamoja na vingine, walikuwa takriban 63. Hiyo si tofauti ya kupuuza.

Na sisi watoto tupimwe?

Hapana. Upotevu huo hutokea ndani ya doa lenyewe, haurithiwi.

Hatari ikiwa ndogo, aendelee na ugoro?

Aache, tafadhali. Watatu kati ya 100 nao ni baba za watu. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la kidonge cha erlotinib kwa wenye madoa ya hatari, nacho hakikuzuia saratani. Kwa hiyo tunategemea kuacha tumbaku na pombe, kukata doa daktari akiona inafaa, na kurudi kliniki kila tarehe aliyopangiwa. Kila mwezi mpige picha kwa simu, dirishani penye mwanga, mdomo wazi, mwende nazo kwa daktari azilinganishe.