Droo: kununua boksi au kulitengeneza?

"Boksi la kununua unalisukuma tu ndani."
Thubutu. Reli za pembeni zenye gololi hula milimita 12.7 kila upande, kwa hiyo boksi lazima lipungue milimita 25.4 kuliko nafasi ya kabati; acha 26 upumue. Likiwa jembamba kidogo, utaweka shimu (kipande chembamba cha kujaza pengo) nyuma ya reli yakaisha. Likizidi, droo inakaza na dawa ni kulibomoa. Nunua reli kwanza, kisha pima nafasi mbele na nyuma, maana kabati nyingi hubana kwa nyuma, ndipo uagize au ukate.

"Kutengeneza ni rahisi kila mara."
Inategemea idadi. Tuseme nafasi ni milimita 400 na reli ni za 450. Boksi litakuwa 374 kwa nje. Kwa plaiwudi ya milimita 12 unahitaji mbavu mbili za 450, na mbele na nyuma za 350. Plaiwudi nzima, 2440 kwa 1220, ukiichana kwa kimo cha 150 unapata vipande 7. Cha nane kinakosa milimita moja, kwa sababu msumeno hula 3 kila unapopita! Shusha kimo hadi 145 upate 8, na kila kimoja kitoe mbavu 3 na vipande 3 vya 350. Hayo ni maboksi 12 badala ya 10. Hapo kutengeneza kunalipa. Kwa droo mbili tu, plaiwudi iliyobaki itakaa ukutani mwaka mzima, heri ununue.

"Bila viungo vya meno droo haidumu."
Meno ni mapambo mazuri, lakini mzigo unabebwa na reli. Gundi na skrubu kwenye plaiwudi zinatosha. Kinachokufa mapema ni kitako: hadibodi ya milimita 3 iliyopigwa misumari kwa chini hushuka. Tia plaiwudi ya 6 ndani ya mfereji wenye kina cha 6, milimita 10 juu ya ukingo wa chini. Ipime kabla ya kuchimba, kwani "6" ya dukani mara nyingi haifiki 6.

"MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ni sawa na plaiwudi."
Skrubu ikiingia ukingoni, MDF hupasuka. Toboa kwanza, au tumia plaiwudi.

"Boksi likishikana, limenyooka."
Pima pembe kwa pembe gundi ikiwa mbichi. Vipimo vikitofautiana, bana ule mshazari mrefu hadi vilingane.