Yabisi, kimiminika na gesi: joto linafanya nini hasa?

Chupa ya mafuta ya nazi inatosha kuanzia. Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, asubuhi za Juni na Julai mafuta hayo huganda yakawa meupe. Mtwara mjini mwezi Desemba kwa kawaida hayagandi hata usiku. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi: chini ya hapo ni yabisi, juu ya hapo ni kimiminika, na muda wote ni mafuta yaleyale. Hapo ndipo kubadili hali kunapoachana na kuungua. Kuni ikishakuwa majivu hairudi kuwa kuni, ila barafu iliyoyeyuka unaigandisha tena.

Maada ni chembe ndogo mno zinazovutana na zisizotulia. Katika yabisi kila chembe inatetemeka palepale ilipo. Ukiipasha joto hadi kiwango chake cha kuyeyuka, chembe zinaachia nafasi zao na kuanza kuteleza, nacho kimiminika kinafuata umbo la chombo. Katika gesi zimeachana kabisa na zinatawanyika hadi kujaza nafasi yote. Ukipoza, mambo yanarudi nyuma: mvuke unakuwa matone, na matone yanaganda. (Mvuke wa maji wenyewe hauonekani, lile wingu jeupe mdomoni mwa birika ni matone madogo yaliyokwisha kupoa.)

Jambo ambalo wengi hulipita, na ndilo lenye faida kubwa, ni hili: maada inapobadili hali, kipimajoto husimama. Weka vipande vya barafu na maji kidogo kwenye sufuria, moto mdogo, ukoroge. Kitasoma 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe, ingawa moto haujazimwa. Joto lote linatumika kuzifungua chembe zilizoshikana, halipandishi nyuzi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, joto linalotosha kupandisha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kugeuza kilo ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257, zaidi ya mara tano ya joto lililoyatoa 0 hadi 100.

Ndiyo maana kuchochea moto chini ya sufuria ya mbaazi inayochemka tayari ni kupoteza mkaa. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, Newala pungufu kwa nyuzi mbili hivi kwa sababu ya mwinuko, na hayapandi zaidi hata ukichochea vipi. Yanakauka upesi tu. Punguza moto, funika, mbaazi zitaiva kwa muda uleule.

Mvuvi anaishi kwa hesabu hiyohiyo. Barafu inahifadhi samaki kwa sababu inapoyeyuka inanyonya joto jingi bila yenyewe kupanda nyuzi. Kwa hesabu tupu, kilo moja ya barafu hupoza karibu kilo tatu za samaki kutoka nyuzi 30 hadi 0. Ila jua na kuta za deli vinakula barafu nyingi, kwa hiyo katika joto la pwani yetu weka kilo kwa kilo. Ponda barafu iwe ndogo iguse samaki pande zote, tandika chini, kati ya tabaka na juu, na acha tundu la kutolea maji. Kosa la kawaida ni kurusha bonge moja juu ya samaki: wa chini wanabaki na uvuguvugu na kuanza kuharibika.

Kimiminika hakingoji kuchemka ndipo kiwe gesi. Chembe zenye kasi zaidi huruka kutoka usoni pa maji kwenye joto lolote, hasa kukiwa na jua, upepo na hewa kavu. Mashamba ya chumvi ya Lindi na Kilwa yanategemea hilo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvichumvi, na chumvi ya kula huanza kuganda maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi. Maji ya mwisho yamwagwe yasikaukie humo, kwani yamejaa magnesi na ndiyo hutia chumvi uchungu.

Kwa gesi, mgandamizo nao una kauli. Gesi ya mtungi ya kupikia hugeuka kimiminika ikigandamizwa tu. Unapowasha, kimiminika kinakuwa gesi na kunyonya joto la mtungi, ndiyo maana ukitumia moto mkubwa mtungi unapoa na kutoka jasho. Usiulaze, kitatoka kimiminika badala ya gesi. Gesi asilia ya visima vya Mnazi Bay na Songo Songo karibu yote ni methani, nayo juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri haigeuki kimiminika hata uigandamize vipi. Ikipozwa hadi 162 chini ya sifuri husinyaa mara 600 hivi na kupakiwa melini. Mpango wa Likong'o, Lindi, ni wa kazi hiyo. Inayokwenda Dar es Salaam husafiri ikiwa gesi. Kabla ya ile ya Mnazi Bay kuingia bombani, mtambo wa Madimba, Mtwara, huondoa mvuke wa maji, kwa sababu ukiachwa hugeuka matone bomba linapopoa, yakatuama sehemu za chini na kulitia kutu.