Barakoa ya mashine ya pumzi si dalili ya kifo

Vibarazani Mombasa bado husemwa: mgonjwa akishavishwa barakoa ya mashine, tayarisheni sanda. Sivyo. Mara nyingi huvishwa mapema ili asifikie kutiwa mpira kooni.

Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu uliomzidia, misuli ya pumzi huchoka, kaboni dayoksaidi hujaa na damu huwa na asidi. Oksijeni peke yake haiiondoi gesi hiyo. Oksijeni ikizidi huweza hata kuiongeza, ndiyo maana kwake kiwango cha oksijeni kwenye damu hulengwa kiwe asilimia 88 hadi 92, si 100. Mashine humsukumia hewa avutapo pumzi, mara nyingi ikianzia shinikizo la sentimita 10 hivi za maji (ndicho kipimo cha nguvu ya hewa hiyo), na 4 au 5 atoapo. La kuvuta huongezwa taratibu. Damu hupimwa tena baada ya saa 1 hivi.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni barakoa yenyewe. Ikiwa kubwa, hewa huvuja machoni. Mikanda ikikazwa mno, ngozi ya pua huchubuka. Ndevu nyingi nazo huvujisha. Nanyi jamaa, msimpenyezee uji akiwa ameivaa: akitapika, matapishi huweza kusukumwa mapafuni.